Sponji wa Moore: kukisoma upya kitabu kilichosema Ziwa Tanganyika ni mabaki ya bahari

Kaa mwaloni Kibirizi jioni moja, wakati wavuvi wa dagaa wanapanga taa zao, halafu anzisha mazungumzo kuhusu ziwa. Haitachukua muda utasikia hili: Tanganyika zamani ilikuwa bahari. Milima ikaifungia, chumvi ikaisha, viumbe wa baharini wakabaki humo humo. Nimelisikia kwa wavuvi, nimelisikia kwa waongoza watalii pale Ujiji, na siku moja nimelisikia darasani kwa mtu aliyeshika chaki. Ushahidi huwa ni ule ule: "Angalia makombe yake. Haya ni makombe ya ziwa kweli?"

Wengi wanaolisema hawajui kwamba wazo hilo lina mwenyewe, na lina kitabu. Kitabu kinaitwa The Tanganyika Problem, yaani Fumbo la Tanganyika, kilichapishwa London mwaka 1903, na mwandishi wake ni Mwingereza J. E. S. Moore. Pengine jina lake ni geni kwako, lakini neno lake unalo kichwani. Mwaka 1905, yeye na mwenzake Farmer ndio walioanzisha neno tunalolikariri sekondari kila mwaka: meiosisi. Kwa hiyo hatuzungumzii mtalii aliyepita na kuandika alichoota usiku. Huyu alikuwa mwanabiolojia hasa, na kitabu chake ni kitabu cha kazi.

Leo nataka tukikosoe kitabu hicho. Kukicheka ni rahisi, maana tumemzidi kwa zaidi ya miaka 120 na tuna vinasaba mkononi. Mimi nataka tutafute mahali hasa alipoteleza, kwa sababu sisi wenyewe bado tunateleza pale pale. Shahidi wangu ni mnyama ambaye hata hajulikani kama ni mnyama: sponji.

Moore alisema nini

Moore alikuja mara mbili. Safari ya kwanza ilikuwa 1895 hadi 1897, akapitia upande wa Nyasa. Ya pili ilikuwa 1899 hadi 1900, na hiyo ilimfikisha mpaka Kivu na milima ya Ruwenzori. Fumbo lenyewe lilikuwepo kabla yake. Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858, Speke akaokota makombe ufukweni, na wataalamu wa Uingereza walipoyapokea wakashangaa. Baadaye mmisionari Edward Hore alipeleka mengine, likiwemo la konokono mwenye miiba mirefu anayeitwa Tiphobia horei, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1880. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm akaona yavuyavu wakielea ziwani, wale viumbe laini kama jeli ambao mtu wa Tanga au Unguja anawajua kwa kumwasha mwilini. Yavuyavu katika maji baridi, katikati ya Afrika!

Moore akakusanya yote hayo, akaongeza ya kwake mengi, akawapasua wanyama na kuchora viungo vyao vya ndani. Kisha akawagawa wanyama wa ziwa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni wa kawaida, wale unaowakuta katika ziwa lolote la Afrika. Kundi la pili ni wale wenye sura ya bahari, na hao akawapa jina la kisayansi la halolimniki, kwa maana ya wanyama wa ziwa wenye asili ya maji chumvi. Akachukua makombe ya konokono hao, akayaweka kando ya visukuku vya konokono wa bahari ya enzi ya Jurasiki, akaona yamefanana. Akahitimisha kwamba bahari ya Jurasiki iliwahi kufika mpaka hapa, na hawa ni wajukuu zake waliobaki.

Hoja yake ilikuwa na kitu kizuri sana ambacho ni haki tumpe. Hakuishia Tanganyika. Alikagua na maziwa mengine, Nyasa na Kivu yakiwemo, kuona kama kundi lile la pili limo. Hakulikuta. Akasema: basi Tanganyika peke yake ndiyo iliyogusana na bahari. Hiyo ni kazi ya mwanasayansi. Aliweka wazo lake mahali ambapo linaweza kupigwa, na lilipigwa.

Sponji ni nani

Kabla hatujamwita shahidi, tumfahamu. Ukisema "sponji" Kigoma mjini, mtu atafikiria godoro, au kile kidude cha kuoshea vyombo. Waliosoma Biblia wanamkumbuka sifongo aliyechovywa kwenye siki. Wote wako sahihi kiasi, kwa sababu vitu hivyo vya kiwandani vimechukua jina la mnyama huyu, na sifongo wa zamani alikuwa mnyama mwenyewe, yaani mifupa yake laini baada ya kukaushwa. Kule Jambiani, Unguja, kina mama wanafuga sponji wa namna hiyo baharini na kuwauza kwa ajili ya kuogea.

Sponji hana mdomo, hana tumbo, hana misuli, hana neva hata moja. Mwili wake ni matundu na mifereji. Maji huingia kwa vitundu vidogo vidogo vya pembeni na kutoka kwa tundu kubwa. Kinachoyasukuma ni seli zenye mkia mmoja unaochapa, na kuzunguka kila mkia kuna kola kama wavu. Bakteria na chembe za chakula zinanasa kwenye kola hiyo, zinaliwa. Basi. Lakini usidharau: aina fulani zimepimwa zikipitisha, ndani ya sekunde chache, maji yanayolingana na ujazo wa mwili mzima. Fanya hesabu ya siku nzima mwenyewe.

Mwaka 1907 Mmarekani H. V. Wilson alimchukua sponji wa baharini, akamkamua kwenye kitambaa laini kama unavyochuja tui. Kilichotoka upande wa pili kilikuwa seli moja moja tu. Seli zile zikatambaa, zikatafutana, zikashikana, zikajenga sponji upya. Mnyama wa aina hiyo hukumbani naye kila siku.

Duniani sponji waliokwisha kuelezwa ni zaidi ya aina 8,500. Karibu wote ni wa baharini. Wa maji baridi ni zaidi kidogo ya 200. Hao ndio ndugu wa sponji wa Tanganyika, ambao wengi huonekana kama ukoko mwembamba juu au chini ya mawe. Ukimgusa anakwaruza, maana ndani yake kuna visindano vya silika, kitu kile kile kinachotengeneza kioo. Visindano hivyo vinaitwa spikula. Usijaribu kumwogea.

Shahidi aliyekuwa ndani ya chupa ya Moore

Sasa turudi kwenye kitabu. Kama bahari iliwahi kufika hapa na kubakiza wanyama wake, ni nani tungetegemea kumkuta? Mimi ningeanza na sponji. Bahari imejaa sponji. Hawakimbii, hawahami, wanakaa walipo. Bahari ikifungiwa taratibu na maji yakapungua chumvi polepole, kama Moore alivyotaka tuamini, basi angalau ukoo mmoja wa sponji wa bahari ungebaki umeng'ang'ania mwamba.

Moore alikusanya sponji. Katika ule mzigo wa safari ya kwanza walikuwemo, na walikabidhiwa kwa mtaalamu aitwaye Richard Evans. Mwaka 1899 Evans alichapisha maelezo ya aina mbili mpya. Moja aliita Spongilla tanganyikae. Nyingine, kwa heshima ya mkusanyaji, aliita Spongilla moorei. Sponji wa Moore.

Lisome tena jina la kwanza: Spongilla. Hilo ni jenasi la sponji wa maji baridi. Ndugu zake wako kwenye mito na mabwawa ya Ulaya, Asia na kwingineko. Yaani, miaka minne kabla kitabu hakijatoka, mnyama aliyebeba jina la mwandishi mwenyewe alikuwa ameshawekwa kwenye ukoo wa mito. Moore alikuja tena na hoja ya bahari, huku shahidi wa upande wa pili yumo ndani ya chupa yake ya spiriti.

Mkusanyo wa safari ya W. A. Cunnington ya 1904 hadi 1905 uliongeza sponji wengine, R. Kirkpatrick akawaeleza mwaka 1906, na ripoti hiyo hiyo ikawatazama pamoja na sponji wa Nile na Zambezi. Hao ndio majirani wa kulinganishwa nao: sponji wa mito ya Afrika.

Unaweza kuniuliza: je, sponji wa bahari hawezi kubadilika polepole akawa wa maji baridi? Anaweza, lakini gharama yake ni kubwa. Seli ya mnyama ina chumvi ndani yake. Ikiwa kwenye maji baridi, maji yanaingia ndani bila kukoma, na usipoyatoa seli inapasuka. Ni kama mtumbwi unaovuja: mmoja anapiga kasia, mwingine kazi yake ni kutoa maji kwa kopo tu, usiku kucha. Seli za sponji wa maji baridi zina vifuko maalumu vinavyojaa maji na kuyatema nje. Sponji wa bahari kwa kawaida hana haja navyo. Tafiti za vinasaba za miaka ya 2000 zinaonyesha kwamba sponji wa maji baridi, kokote waliko, ni ukoo mmoja. Yaani hiyo safari ya kutoka baharini ilifanywa na babu yao wa kale, na wajukuu ndio waliosambaa kwenye mito na maziwa ya dunia. Hawakutoka baharini upya kila ziwa lilipozaliwa.

Lakini Moore angejibu

Ukosoaji wa haki unampa mtuhumiwa nafasi ya kujitetea. Moore angesema hivi: "Sawa, sponji hao walikuja baadaye kwa mito, kama kambale walivyokuja. Mimi nazungumzia konokono na yavuyavu."

Hapo ndipo ninapoona kosa lenyewe. Kwa utaratibu huu, mnyama mwenye sura ya bahari anaingizwa kwenye orodha ya ushahidi, na asiye na sura hiyo anaitwa mgeni aliyechelewa na kutolewa nje. Ukishachagua mashahidi kwa sura zao, utashindaje kesi usiishinde? Wazo lilikuwa limewekwa pazuri kati ya ziwa na ziwa, lakini ndani ya ziwa lenyewe lilikuwa limefungiwa mlango. Hakuna mnyama wa Tanganyika ambaye angeweza kulipinga.

Na sura inadanganya. Wale konokono wenye makombe mazito, ambao ndio uti wa mgongo wa kitabu, wamekuja kueleweka kwa njia nyingine. Ndani ya ziwa kuna kaa wa hapa hapa, Platythelphusa armata, mwenye magando makubwa ya kupasulia konokono. Mwaka 1991 Kelly West, Andrew Cohen na Michael Baron walichapisha utafiti uliotazama kaa hao na konokono wao. Waligundua kwamba makombe ya konokono wa ziwa ni imara mno, na mengi yana makovu: yalivunjwa, mwenyewe akapona, akaziba. Kwa hiyo kombe zito lenye matuta linaweza kutengenezwa popote palipo na kaa mwenye gando kubwa na muda wa kutosha. Bahari inavyo vyote viwili. Tanganyika nayo inavyo. Kufanana huko ni kama kufanana kwa fundi wa Ujiji na fundi wa Bagamoyo: wote wana sugu mikononi, na si kwa sababu mama yao ni mmoja.

Yavuyavu naye akamponyoka. Ndugu zake walipatikana baadaye katika Ziwa Victoria na katika mto Niger. Kama kuwa na yavuyavu ni cheti cha kuwa bahari, basi vyeti vimekuwa vingi.

Na muda wenyewe haukai. Jurasiki ilimalizika takriban miaka milioni 145 iliyopita. Umri wa ziwa letu wengi huukadiria kati ya miaka milioni 9 na 12, tangu Bonde la Ufa lilipoanza kuzama hapa. Moore hakuwa na njia ya kupima miaka hiyo, hilo tusimlaumu. Hata chumvi iliyomo haimsaidii. Ni chini ya gramu 1 kwa lita, wakati maji ya bahari yana gramu 35 hivi, tena sehemu kubwa ya chumvichumvi zetu inaletwa na mto Ruzizi kutoka Kivu, kwenye miamba ya volkano. Mwaka 1920 Cunnington alipitia wanyama wa maziwa ya Afrika kwa upana, akasema bahari haihitajiki. Kinachohitajika ni ziwa kukaa peke yake muda mrefu.

Wazo hilo hilo liliwahi kutolewa kwa Baikal ya Siberia, ziwa pekee linalotuzidi kina. Kule sponji ni wakubwa, wana matawi, ni wa kijani, ukiwaona utasema matumbawe ya Mafia. Sura ya bahari kabisa! Vinasaba vikasema: ni ndugu wa karibu wa sponji wa kawaida wa mito, ila wamekaa katika ziwa la kale wakapata nafasi ya kuwa kitu kingine.

Kukosa kitu si lazima kuwe uzee

Sasa nije kwenye jambo ambalo hata sisi wa leo tunalikosea. Sponji wengi wa maji baridi wana ujanja mmoja: wanatengeneza gemula. Gemula ni kijipira kigumu, kidogo kuliko mbegu ya mchicha, kilichojaa seli na kufunikwa ganda. Bwawa likikauka, sponji mwenyewe anakufa, gemula linabaki kwenye tope au linapeperushwa na upepo, au linanasa kwenye mguu wa ndege. Mvua ikinyesha, sponji mpya anaota. Kwa mnyama asiyeweza kutembea, gemula ni begi la safari na ni akiba ya njaa kwa pamoja.

Sponji kadhaa wa maziwa ya kale hawana gemula. Wa Baikal hawana. Miaka ya 1970 Mbelgiji Paul Brien alieleza sponji wa Ziwa Malawi na wa Tanganyika ambao nao gemula halikuonekana kwao. Mtu mwenye macho ya Moore angeshangilia: sponji wa bahari kwa kawaida hawana gemula, na hawa hawana, kwa hiyo hawa ni wa bahari!

Subiri kidogo. Mtu asiye na mwavuli anaweza kuwa hajawahi kuwa nao. Anaweza pia kuwa alikuwa nao, akahamia mahali ambapo hakunyeshi, akauacha. Ziwa lenye kina cha mita 1,470 halikauki kama bwawa la kiangazi. Kizazi baada ya kizazi, sponji anayetumia nguvu kutengeneza gemula asilolihitaji anapitwa na asiyetengeneza. Kukosa huku ni jambo jipya, ingawa kwa macho linaonekana la kale.

Na hapa ukosoaji unarudi nyumbani, kwetu sisi wa maabara. Sponji hao wa Malawi na Tanganyika waliwekwa kwenye familia moja, Malawispongiidae, pamoja na sponji wa ziwa Ohrid huko Ulaya na wa ziwa Poso kule Indonesia. Sababu mojawapo kubwa: wote hawana gemula. Leo wataalamu wana mashaka kama hiyo ni familia ya kweli, na mashaka yao ni ya haki. Ukikusanya watu kwa kitu wasichonacho, unaweza kupata ukoo, au ukapata tu watu waliopoteza kitu kimoja kila mmoja kwa wakati wake. Kwa hiyo Moore tusimwekee dhambi peke yake. Alisoma ukoo kwenye sura. Sisi tumesoma ukoo kwenye pengo.

Alipokuwa na haki

Kuna mahali Moore alihisi kitu cha kweli. Alisema wanyama wa Tanganyika wana ukale ndani yao. Utafiti wa vinasaba vya konokono uliochapishwa mwaka 2004 na Anthony Wilson, Matthias Glaubrecht na Axel Meyer uliliita ziwa hifadhi ya mageuko: koo kadhaa za konokono zilikwisha kutengana kabla ya kuwa na ziwa hili tunalolijua. Waliingia wakiwa wageni wa aina mbalimbali kupitia mito, kisha kila mmoja akazaa wake humu. Kwa hiyo ukale upo, ila haukuja kwa mlango wa bahari.

Jambo jingine ninalompinga ni dogo kwa kurasa, ila kwangu si dogo. Soma majina ya wanyama hao: Spekia, horei, moorei. Ziwa zima limeandikwa majina ya waliopita. Mtu aliyejua mwamba upi una konokono na ghuba ipi ina kina alikuwa mvuvi wa hapa, na kwenye orodha hiyo ya majina humwoni. Ukikisoma kitabu, kisome ukijua hilo.

Kwa nini tubishane na kitabu cha 1903

Kwa sababu jibu linabadilisha namna ya kulitunza ziwa.

Ukiamini kwamba Tanganyika ni bahari iliyosahaulika, basi ni ghala la vitu vya kale. Ghala unalilinda kwa kuweka kufuli: hesabu vilivyomo, tenga eneo kama Gombe au Mahale, weka askari, umemaliza. Lakini ushahidi wa sponji na konokono unasema wanyama hawa wametengenezwa hapa, na kazi inaendelea. Kinachohitaji kulindwa ni hali inayowezesha kazi hiyo: mwamba ulio wazi, maji maangavu, na muda.

Sasa nenda Ujiji kipindi cha mvua, simama upande wa kusini unakoingia mto Luiche. Utaona maji ya kahawia yakisukuma maji ya buluu. Ule ni udongo wa milima tuliyokata miti na mashamba tuliyolima mpaka ukingoni. Tafiti za miaka ya 1990 zilizolinganisha fukwe za ziwa hili zenye udongo mwingi na zenye udongo kidogo zilionyesha kwamba penye tope aina za viumbe hupungua. Zilihesabu ostrakodi, samaki, konokono. Kwa sponji huhitaji hesabu ngumu kuelewa hatari. Ni mnyama ambaye mwili wake wote ni chujio. Samaki maji yakichafuka anaogelea kwingine. Sponji hana kwingine. Vumbi laini la udongo linaziba vitundu, pampu inazidiwa, na ukoko ule uliokaa juu ya jiwe unafunikwa.

Na yule asiye na gemula ndiye aliye hatarini zaidi. Aliacha begi la safari kwa sababu ziwa lilikuwa la kuaminika, akaliamini. Ndugu yake wa mtoni akizibwa leo, gemula lake linaweza kusubiri mwaka mwema. Huyu wa ziwani hana cha kusubirisha. Akiondoka kwenye ghuba moja, hakuna mbegu iliyolala kwenye tope itakayomrudisha.

Kama ni bahari ya Jurasiki, mtu anaweza kujifariji: wamevumilia miaka milioni 145, tope la mto Luiche litawafanya nini? Faraja hiyo ni ya uongo, na imejengwa juu ya kosa la mtu aliyeamini sura. Ndiyo maana nabishana na kitabu.

Kitabu chenyewe kisome, ukikipata. Michoro yake ni mizuri, na utajifunza jinsi mtu mwenye akili anavyoweza kuuliza swali zuri, akafanya kazi ngumu, halafu akachagua mashahidi vibaya. Ila usikisome peke yake. Kiangazi, maji yakitulia, vaa miwani ya kupigia mbizi, shuka penye mawe kama kule Katonga au Bangwe, chungulia pembeni na chini ya mawe. Ukiona ukoko mwembamba wenye vitundu, wa kijivu au wa kijani, unaokwaruza kidole, umempata. Mpige picha, andika tarehe na mahali, usimbandue. Kama uligeuza jiwe, lirudishe lilivyokuwa. Na akitokea mtu mwaloni akakuambia ziwa hili lilikuwa bahari, usimkatalie kwa jeuri. Mwombe akuonyeshe sponji wake.